Kisabo Kilichoshonwa Kabla ya Maziwa ya Jioni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kusahau njiani nimetumwa nini, jikoni kwetu Nkoma kulikuwa na kisabo kilichoning'inia kwenye boriti. Kisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Unakifunga kamba, unakitikisa huku na huku mpaka siagi ijitenge. Chetu kilikuwa cheusi kwa moshi, kimelainika tumboni kwa mikono ya wanawake, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Au niseme ndiyo iliyokuwa ikinilaza tena, maana hadi leo nikisikia maji yakicheza ndani ya dumu macho yanakuwa mazito.

Aliyesuka alikuwa mama. Bibi, mama yake baba, alikaa pembeni akitafuta kasoro. Mara mama anasuka haraka mno, mara ameacha siagi shingoni. Mama alitoka Maswa, upande wa Sola, na kwa bibi kila kasoro ilikuwa imetoka Sola. Mama hakujibu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na bibi alikuwa mtu wa kusema yote isipokuwa lile la maana. Mdomo wa bibi nimeurithi mimi, wateja wangu wa saluni hapa Bariadi wanalijua hilo.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya msimu wa pamba. Mama alikuwa na mimba kubwa, na alikuwa anasuka uchungu ulipomshika. Badala ya kushika nguzo akashika kisabo, akakiegemea kwa uzito wake wote, kamba ikakatika. Nilisikia mlio mdogo, mkavu. Maziwa yakatambaa sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu yangu. Kisabo kilikuwa kimepasuka kutoka shingoni hadi tumboni, na mama alikuwa amepiga magoti anamwomba bibi radhi. Uchungu umemshika, na bado anaomba radhi.

Mkunga wa kijiji alikuja akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali Bariadi. Gari lililokuwepo ni lori lililokuwa likipakia pamba kwenye ghala. Wakamlaza juu ya pamba, baba akapanda naye. Mpaka leo nikifumba macho nauona uso wa mama ukizama kwenye ule weupe, lori likiondoka taratibu, na nyuzi za pamba zikielea barabarani muda mrefu baada ya vumbi kutua. Niliona mama amepelekwa juu ya wingu, basi sikulia.

Bibi alirudi ndani akaokota kisabo. Kwetu waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo wakiwa na simu nzuri mfukoni, kwamba kisabo na mwanamke anayekisuka hufuatana. Kikipasuka mikononi mwake akatoka nyumbani akiwa mgonjwa, lazima kishonwe kabla ya maziwa ya jioni. Maziwa hayo yakimiminwa kwenye chombo kingine, nyumba imeshamuaga, na hatarudi. Bibi aliniambia hivyo waziwazi, mimi mtoto, kwa sababu pale hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Akanifunga khanga shingoni, akasema, "Kabula, twende."

Haraka yote ile, lakini bibi alitembea polepole. Mshonaji wa vibuyu aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, Bibi Minza, mke mdogo wa marehemu babu. Alikuwa akiishi kwa kaka yake ng'ambo ya mto, na mto wenyewe wakati ule wa mwaka ni mchanga mtupu. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba babu aliugua siku chache tu akafa, na watu wakaanza kunong'ona kuwa Minza amemloga, eti ana macho mekundu. Wanawake waliopikia moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, moshi machoni, sijui nani kati yao alikuwa na macho meupe! Bibi na Minza walimuuguza babu pamoja; bibi alijua ukweli, na hakusema. Minza akafungasha vyake akaondoka kabla watu hawajamjia. Siku ile mimi nilijua tu kwamba bibi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Uani kwa Bibi Minza vilining'inia vibuyu vya kila umbo, vikigongana taratibu kwa upepo. Kulikuwa na harufu ya nta ya nyuki. Bibi akapiga magoti, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa lori lilipoondoka, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mke mkubwa akimpigia magoti mke mdogo.

"Mwadila, mayu," bibi akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

Minza hakuitikia. Alimwangalia, kisha akapokea kisabo akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba, toka juu mpaka chini. Akachomeka sindano ndefu ya chuma kwenye makaa. Akalowesha nyuzi za katani ya porini kwenye bakuli la maji. Bibi akashusha pumzi akakaa vizuri, akidhani mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha. Washonaji wa kwetu hawatoboi tundu la kwanza mpaka mwenye chombo atoe kilichomo kifuani mwake. Kibuyu kikishonwa juu ya kinyongo, wanasema, matundu yataungana na ufa wa pili utazidi ule wa kwanza. Minza akamwambia bibi aseme.

Bibi akasema. Akaeleza habari ya mama, lori, mkunga, mtoto aliyekaa vibaya. Minza akatikisa kichwa. Sindano ikapoa, akairudisha kwenye makaa. Bibi akaanza tena, safari hii akaongeza kwamba amekuwa mzee na magoti yanamuuma. Sindano ikapoa tena. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye khanga, jicho moja wazi, kivuli cha vibuyu kinapita usoni pangu kinarudi. Mbali huko kengele za ng'ombe zilikuwa zimeanza kusikika, na sikujua kama ni ng'ombe wetu au wa watu.

"Nilijua si wewe," bibi akasema hatimaye. "Walipokuja kuniuliza nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa nikisema watanigeukia mimi."

Minza akairudisha sindano kwenye makaa. Kisha akafuta yale macho yake mekundu kwa mkono.

"Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri," akasema. Halafu akauliza jingine. "Na huyu mkwe wako, anajua kuwa unamtaka pale nyumbani?"

"Sijawahi kumwambia," bibi akasema. "Akirudi nitamwambia."

Ndipo tundu la kwanza likatobolewa, na kamoshi kembamba kakapanda. Nakumbuka harufu ya kibuyu kinachoungua, harufu tamu. Nakumbuka uzi ukipita ukivutwa, ukipita ukivutwa, na wale wazee wawili wakiongea kwa sauti ya chini habari za ng'ombe waliokufa zamani, wakiwataja kwa rangi zao. Sikuusikia mshono wa mwisho.

Nilipozinduka nilikuwa nimebebwa mgongoni, na mgongo haukuwa wa bibi. Tulikuwa tunavuka mchanga wa mto, Bibi Minza ananibeba, bibi mbele yetu amekipakata kisabo kama mtoto mchanga. Jua lilikuwa limekaa chini kabisa, kila kitu chekundu, na kwa kuwa nilikuwa bado nusu usingizini niliona macho ya Bibi Minza hayana tofauti yoyote na dunia nzima.

Tulifika baba mdogo amerudi na ng'ombe, ameshakamua. Amesimama na ndoo iliyojaa, anatafuta sufuria ya kumiminia. Bibi akampokonya ile ndoo. Akamimina maziwa ndani ya kisabo, Minza akiwa amekishikilia shingo. Tone moja likatokeza kwenye mshono, likavimba, likadondoka, na jingine likafuata. Minza akasugua nta pale kwa kidole, matone yakakoma. Tulisimama tukikitazama mpaka giza likaingia.

Baada ya siku kadhaa mama alirudi, mikono mitupu. Mtoto hakuishi. Bibi akamkalisha, akammiminia maziwa kutoka kwenye kile kisabo, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Nilikuwa mlangoni nasubiri aseme lile alilosema atasema. Alisema, "Kunywa." Kesho yake alikuwa anamlalamikia mama kuwa ameweka chumvi nyingi.

Sitaki ubishi na mtu. Mama aliokolewa na daktari, kovu la upasuaji lipo tumboni mwake na nimeliona. Kuna siku nalifikiria lile tone la kwanza pamoja na yule mtoto, kisha najikataza. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu siku ile Bibi Minza alikuja kwetu kila alipotaka, na alipofariki tulimzika kwetu, upande wa babu. Bibi naye alimfuata.

Sasa mama anaishi na mimi Bariadi. Kisabo kinaning'inia ukutani saluni, juu ya kioo. Hivi karibuni mteja mmoja, mama wa ofisini, alikipenda akataka nimuuzie awe nacho kama pambo. Nikamwambia hakiuzwi, na huku namsuka nikamsimulia kisa chote kama nilivyokusimulia wewe. Mama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, anachambua mchele. Sikuwa nimewahi kumsimulia. Nilidhani anajua, mbona nyumba ilikuwa moja?

Mteja alipoondoka nikaona mchele hauchambuliwi.

"Miaka yote hii," mama akasema, "nilidhani bibi yako alikishonesha ili nikione. Kila asubuhi nikikisuka nione nilichovunja."

Nikapanda kwenye kiti nikakishusha. Akakipakata, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka juu mpaka chini, tundu kwa tundu.

"Hebu rudia," akasema. "Pale kabla hawajatoboa. Aliulizwa nini?"

"Aliulizwa kama unajua kuwa anakutaka nyumbani."

"Akasema?"

"Akasema hajawahi kukuambia. Akasema ukirudi atakuambia."

Mama akainamisha kichwa, akaegemeza shavu kwenye kisabo.

"Haya," akasema. "Nimeshasikia."