Gari Langu la Kipupwe Lilivyopeleka Msiba Kwenye Posa

Naomba niseme mwenyewe kabla sijasemewa: yule mama aliyepiga vigelegele kwenye msafara wa msiba kule juu ya Ilula ni mimi. Najua hadithi ilifika mpaka sokoni kwetu Kihesa, mkaicheka, na mmoja wenu (simtaji, yupo hapahapa) akasema mama yule ana roho ya jiwe, na mimi nikaitikia, "Kweli, watu wengine hawana utu," huku natazama nyanya.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Kigari changu cheupe mnakijua. Kinakaa chini mpaka kikipita juu ya ganda la ndizi nalisikia, na mimi nakipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Lakini kipupwe kikiingia, na yale manyunyu na ukungu wa asubuhi, njia ya kwangu inakuwa uji, na kila mwaka nilikuwa nafika shuleni kufundisha nikiwa na tope hadi kwenye nyusi kwa sababu ya kushuka kusukuma. Ndipo nikapata lile wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana: ninunue gari la pili, la bei ya kutupa, liwe la kipupwe tu. Likizama lizame, likikwaruzwa likwaruzwe, na kigari changu kilale chini ya turubai mpaka jua lirudi.

Nikapata pikapu ya kijani kwa mkulima mmoja wa vitunguu. Kwenye tope ilikuwa mashine kweli, sitaisema vibaya. Ila ilikuwa na tabia zake. Ukiizima haiwaki mpaka isukumwe. Dirisha la dereva lilishuka vidole vinne likagoma. Boneti ilikuwa haishiki, fundi akaifunga mbele kwa vitambaa viwili vyekundu (ndivyo alivyokuwa navyo siku hiyo). Na ukiwasha waipa, taa kubwa zinawaka zenyewe na hazadi zinaanza kupepesa, zote nne, na ukijaribu kuzizima hizo taa injini nayo inakufa.

Nikamuuliza fundi, "Sasa hii si hatari?"

Akasema, "Mama Lusajo, usibishane nayo. Mvua ikinyesha wewe nenda hivyohivyo, taratibu."

Basi nikawa naenda taratibu.

Mwanangu Lusajo alikuwa amempata Upendo, binti wa Kihehe aliyelelewa na bibi yake, bibi Mhema, kijiji kimoja mlimani juu ya Ilula. Bibi huyu mnamsikia tu. Washenga wa kwanza aliwarudisha kwa sababu mmoja alikaa kabla ya kukaribishwa. Mara ya pili akatuma neno: mje Jumamosi, mje na kabati la nguo la mninga lenye kioo mlangoni, nijitazame vizuri, maana natolewa mtoto wa jicho hospitali ya Tosamaganga na nikitoka nataka kuona nilivyozeeka. Na akaongeza kwamba hakuna mara ya tatu. Lusajo alikonda wiki hiyo mpaka suruali ikawa inamdai mkanda mpya.

Kabati likapatikana. Jumamosi asubuhi manyunyu. Mshenga wetu, mzee Chengula, jirani yangu, akasema, "Mwalimu, tukodi gari la maana." Na mimi, kwa kiburi cha mtu mwenye magari mawili, nikajibu, "Mzee wangu, la kukodi la nini? Lipo la kipupwe!"

Hapo ndipo nilipokosea, mengine yote yalijifuata.

Tukalilaza kabati nyuma, kioo kikitazama juu kisipasuke. Kwa ajili ya manyunyu nikalifunika kwa shuka langu jeupe, tukalikaza kwa kamba. Nilikuwa nimechuma maua bustanini ya kumpa bibi, mbele hakuna nafasi, nikayaweka juu ya shuka. Shemeji zangu wawili wakakaa nyuma, mmoja huku, mmoja huku, wamevaa makoti meusi marefu, wameinamisha vichwa kwa baridi, kila mmoja mkono mmoja juu ya kabati. (Ninyi mnaonisikiliza mmeshaona, pamoja na vile vitambaa vyekundu mbele kama vya gari la maiti. Mimi sikuona. Naapa sikuona.)

Nikawasha waipa, taa zikawaka, hazadi zikapepesa, tukateremka Ipogolo.

Barabara kuu ilitupokea kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Malori yanatupisha. Basi moja kubwa, ninyi mnayajua mabasi yetu, likapunguza mwendo likakaa nyuma yetu kama kondoo. Trafiki akavua kofia. Nikamwambia mzee Chengula, "Unaona? Watu wanakuheshimu, ni hiyo suti." Mzee akanyoosha tai.

Tulipofika Ilula nikapunguza kwenye tuta. Siku zote hapo wauza nyanya wanakukimbilia na ndoo hadi usoni. Safari hii walisimama kimya pembeni, wanawake wamefungua vilemba. Mama mmoja mnene akasogea dirishani taratibu sana, uso wa huruma. Injini inanguruma, dirisha ni vidole vinne, mimi nasikia nusunusu.

"Kamwene, dada. Poleni," akasema. Kisha akaangalia nyuma. "Ni nani?"

Mimi nikasikia "ni cha nani," nikajua anasifia kabati.

"Cha bibi Mhema!" nikapaza sauti. "Bibi Mhema wa kule juu!"

"Yule aliyekuwa Tosamaganga?"

"Huyohuyo! Ndiyo tunapeleka nyumbani!"

Ndoo ya nyanya ikaanguka. Mama akashika kichwa, akapiga ukunga mpaka mzee Chengula akaruka kwenye kiti. Nikasema moyoni, masikini, nyanya zote zimemwagika, lakini kusimama siwezi, nikisimama gari litazima na halitawaka tena. Nikaendelea. Baadaye ndiyo nikajua kwamba yule alikuwa Mama Tuma, binamu wa bibi, na kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa bibi aliruhusiwa kutoka siku mbili kabla.

Tukakata kona kupanda mlima. Kwenye kioo nikaona pikipiki tatu nyuma yetu, kila moja na akina mama wawili. Kisha tano. Kisha lori la nyanya limejaa watu, na watu wenyewe wanaimba, sauti nne kabisa, kwaya.

"Mzee!" nikasema. "Wametupokea tangu barabarani!"

"Huyu bibi ni mtu mkubwa," akasema mzee Chengula, machozi yanamlengalenga.

Wimbo ulikuwa wa taratibu, wa majonzi kidogo, nikajiambia Wahehe wana adabu, hata furaha yao ina breki. Lakini mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kwetu ukipokelewa unaitika. Nikaweka mdomo kwenye ule upenyo wa dirisha nikapiga vigelegele. Virefu. Kwaya ikanyamaza ghafla. Nikaona wamefurahi, nikarudia. Nikapiga na honi.

Shemeji mmoja akagonga kioo cha nyuma akanionyesha ishara za mikono ambazo sikuzielewa. Nikamwonyesha dole gumba.

Tukaingia uwanjani kwa bibi na watu kama themanini nyuma yetu. Bibi Mhema alikuwa amekaa barazani, kitenge kipya, jicho moja limefungwa bandeji, la pili nalo si la kutegemea sana, anatusubiri wageni wake. Kabla sijashuka, lile lori likamwaga watu na vilio vikalipuka, wanawake wanajitupa chini, wanaume wanaizunguka pikapu. Bibi, ambaye hawezi kuona vizuri ila anasikia kilio cha kijiji chake, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye utu angefanya. Akalia na yeye.

"Uwii! Jamani! Jamani! Ni nani tena?"

Mwanamke aliyejitupa miguuni pake akajibu bila kuinua uso, "Ni bibi Mhema!"

"Uwii! Bibi Mhema!" Bibi akapiga magoti yake kwa viganja. "Alikuwa mtu mwema! Uwii!" Kisha viganja vikasimama hewani. "Bibi Mhema yupi?"

Wakati huohuo Mama Tuma alikuwa amepanda nyuma ya pikapu. Alisema lazima amwone dada yake uso kwa uso, hakuna wa kumzuia, akawasukuma shemeji zangu kama magunia, akafungua kamba, akainama, akalivuta shuka. Kwenye kioo akaona uso wa mwanamke umevimba kwa kulia unamtazama kutoka ndani ya sanduku.

Sijui jinsi ya kuwaelezea ule ukelele. Kuku walipanda paa. Mama Tuma aliruka chini na mwili wake wote ule, akakimbia kuelekea barazani, akafika, akamkuta marehemu amekaa kwenye kiti anafuta machozi, akageuka akakimbilia kwenye mahindi.

Nilibaki nimeshika usukani. Mzee Chengula, taratibu, akavua tai.

Basi mambo yakaelezwa, na kila yalivyoelezwa ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya bibi, nikasema shikamoo, mimi ndiye mama wa Lusajo, tumeleta posa. Lile jicho moja likanikalia muda mrefu.

"Ni wewe uliyepiga vigelegele?"

"Ni mimi, bibi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, bibi."

Kabla hajasema zaidi, wakatokea wanaume sita na majembe, matope hadi magotini. Mama Tuma alikuwa amepiga simu mapema, kaburi limeshafika kiunoni, na sasa wanauliza chakula cha wachimbaji. Pilau ya posa yetu ikaliwa hivyo, na watu wa msiba, mimi nagawa sahani. Kisha wazee wakasema shimo la kaburi haliachwi wazi, litamtafuta mtu. Ukakatwa mgomba uzikwe badala ya mtu, ukaviringishwa kwenye shuka langu, ukabebwa mabegani, na bibi akasema wa kwanza kutupa udongo atakuwa yeye, maana mazishi ni yake. Akatupa. Na mimi nikatupa, kwaya ikaimba, na niwaambie ukweli, nililia. Nadhani nilikuwa nalilia posa ya mwanangu.

Tulipotoka kaburini bibi akanishika mkono niwe fimbo yake. Alikuwa amechangamka ajabu, anaulizia nani alilia kweli na nani hakuja kabisa. Mtani wake wa jirani alikuwa hakuja, hilo lilimuuma.

"Kabati zuri," akasema. "Posa nimepokea. Mbuzi na blanketi zito utaleta kwa ajili ya vile vigelegele. Ila mwanangu, siku ya harusi wewe utakuja kwa miguu."

Nilikwenda kwa miguu kutoka barabarani, na viatu mkononi, mbele ya watu wote. Mjukuu sasa yupo, anatambaa. Pikapu nilimpa fundi bure, akanishukuru kwa mashaka. Na nimeapa mbele ya Mungu na mbele yenu: mtu kama mimi gari moja linamtosha, na tope, ndugu zangu, linaoshwa kwa maji. Ila kule mlimani mpaka leo hakuna anayeniita Mama Lusajo. Wananiita Mama Vigelegele, na watoto wakiniona wanatafuta kwanza nyuma ya gari nimembeba nani.