Kamba ya Nyavu Kwenye Altaneta

Shemeji yangu aliuawa na ubishi wake. Nilisema hivyo msibani, na ukoo wa mke wangu haujanisalimia tangu siku ile. Basi leo nawataja wote waliohusika, na mimi nimo.

Kiwanda cha nguo kilipopata mwenyewe mpya, sisi mafundi wa mota tulitolewa nje pamoja na vyuma chakavu. Mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, tukaunda altaneta yetu, mashine ya kufua umeme, hapa Kirumba: diski ya breki, sumaku za spika mbovu tulizozigandisha kwa gundi kuzunguka ukingo, na koili za waya nilizosuka mwenyewe. Ikizungushwa kwa baiskeli iliwasha balbu. Kuchaji betri ya gari kukaishinda. Na umeme ulikuwa wa mgawo, kila mwenye redio au video anatafuta pa kuchajia betri. Ilibidi izunguke kwa kasi zaidi, kwa mkanda wa mashine ya kusaga ya mzee mmoja jirani.

Mimi ni wa darasa la saba tu, ila nimewahi kuzungusha ndoo ya maji. Ukiongeza mwendo kidogo, mkono unataka kung'oka. Nikapunguza raundi za waya kwenye koili, nikaweka waya mnene usiungue, halafu nikakereza pete ya chuma ya kuzibana sumaku zisiruke.

Pete ile nikaikuta jikoni kwangu. Imechomewa miguu mitatu, juu yake sufuria ya ugali.

“Kaka kanitengenezea jiko,” mke wangu akasema. “Wewe fundi wangu, umenitengenezea nini miaka yote?”

Namtaja naye. Alipokea chuma asiulize kimetoka wapi.

Nikamfuata shemeji karakana. Alikuwa anazifunga sumaku kwa kamba ya nailoni ya nyavu.

“Shemeji, nailoni inalegea kwa joto.”

“Shemeji, hii inamvuta sangara mzito kuliko wewe. Itashindwa na visumaku vya redio?”

“Sangara yuko kwenye maji ya baridi.”

“Basi uwe unaimwagia maji!”

Mafundi wote pale karakana wakaangua kicheko. Kiliniingia.

Siku ya kujaribu ilianza vizuri. Sindano ya mita ikapanda, betri ikaanza kupokea. Mzee wa mashine hakuridhika.

“Mbona mwendo wa bibi harusi? Ongezeni!”

Akazima, akaifunga altaneta puli ndogo ya kuongeza kasi kwa mkono wake mwenyewe, akawasha tena. Diski ikalia kama nyigu. Punde nikanusa nailoni ikiungua. Shemeji alikuwa ameinama sawasawa na ukingo wa diski, anasoma mita. Mimi nikahamia upande wa ekseli, ambako sumaku haziruki. Sikumwambia ahame. Nilitaka sumaku imkwaruze kidogo, aaibike mbele ya wale waliocheka.

Sumaku moja ikachomoka, ikampata shingoni. Hatukufika naye hospitali.

Baada ya matanga mke wangu akaniuliza, “Wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Nikamchorea mavumbini: ekseli hapa, ukingo huu, kaka yako pale, mimi huku. Alielewa upesi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumfundisha.

“Ulijua.”

“Nilijua.”

Asubuhi nilimbebea sanduku lake la nguo mpaka kwenye feri ya Kamanga. Hakuniomba nimbebee, na wala hakunikataza.