Duara Nililolijenga kwa Vitofali

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu yake kabla hujaona hata uzi mmoja wa nguo: harufu ya dawa ya nondo, ya mpira uliokaa gizani, ya makabati ya watu usiowajua. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Mama yangu aliuza mitumba Runzewe. Siku za mnada alitandaza turubai chini, na siku nyingine alikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, ambako malori yalipita yakiacha vumbi jekundu juu ya mashati meupe. Kiangazi ninachokikumbuka nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa amenunua belo akidhani ni nguo za watoto, na alipolikata akakuta midoli: wanasesere wasio na vichwa, magari yasiyo na matairi, dubu wa manyoya aliyelowa na kukauka mara nyingi hadi akawa mgumu kama mkate wa juzi. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa kimoja kimoja, akatenga vinavyouzika na visivyouzika. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa kitambaa uliojaa vipande vidogo vya plastiki, vyekundu, vya njano na vyeupe, vyenye vinundu juu na matundu chini. Mteja mmoja aliuliza kama ni vifungo. Mwingine alidhani ni kete za mchezo fulani. Hakuna aliyevinunua, na mnada ulipoisha mfuko ule ukawa wangu.

Ilinichukua muda kujua kwamba kinundu cha kipande kimoja huingia tunduni mwa kingine na kushika. Niliviosha kwa maji ya sabuni, nikavianika kwenye ungo, jua likavipasha mpaka vikanukia kama ndoo mpya. Kisha nikaketi kibarazani nikaanza kupandisha kuta. Kila kipande kilipokaa mahali pake kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ganda la karanga. Nilijenga nilivyovijua: nyumba yetu ya vyumba viwili, choo, banda la kuku, kibanda cha mama. Wenzangu walikuja wakatazama, wakachoka upesi kwa sababu vitofali havikutosha kugawana, wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi. Mimi sikuchoka. Nilikuwa mtoto wa kukaa peke yangu, na mama, aliyekuwa na mdogo wangu mgongoni na biashara mikononi, alishukuru kupata mtoto asiyesumbua.

Baba hakulala nyumbani siku za kazi. Alikuwa mchimbaji mdogo porini, mbele ya Ushirombo, ambako watu wa kila kabila walichimba mashimo marefu ya kwenda chini na kuyaita maduara. Yeye hakuwa mpiga nyundo. Kazi yake ilikuwa kufunga matimba, yaani magogo yanayokingamishwa ndani ya duara ili kuta zisiporomoke. Alirudi Jumamosi jioni kwa baiskeli, nguo, nyusi na kope zikiwa na rangi moja ya udongo. Alioga, akala ugali kwa maziwa ya mgando, akasimuliana na mama mambo ya wiki. Jumapili tulikwenda misa, na baada ya misa alikuwa wangu. Ndipo Jumapili moja nilipomwuliza duara likoje, maana nilikuwa nimejenga kila mahali ninapopajua isipokuwa hapo anaposhinda yeye. Hakunieleza kwa maneno. Aliketi mkekani na suruali yake ya kanisani, akauvuta mfuko, akaanza kujenga.

Alipandisha kuta tatu nyekundu na kuuacha upande mmoja wazi ili nione ndani. Akanifundisha kwamba kiungo kisikae juu ya kiungo, bali kila kipande kilalie viwili vya chini yake, la sivyo ukuta hauna mshikamano. Kisha akachukua vipande virefu vyeupe akavikingamisha ndani, kimoja huku, kingine kule, akaniambia hayo ndiyo matimba. Chini kabisa akaweka kipande kimoja cha njano, akasema huyo ni yeye. Nilimwuliza inakuwaje mwamba ukikasirika, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia watu wakisema mnadani.

"Mwamba haukasiriki, ng'wanone," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Unachoka tu, kama mtu. Kazi yangu ni kuusaidia kusimama."

Mama alikuwa akichambua mchele karibu yetu. Alituomba tubomoe kitu hicho, tujenge nyumba au hata gari. Baba akacheka, akamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama akajibu kwamba mvungu mwingine una nyoka, akaendelea kuchambua mchele wake. Hatukubomoa. Nililiweka lile duara juu ya sanduku la nguo, na kila Jumapili baba alilirefusha kidogo, kama vile yeye na wenzake huko porini walivyokuwa wakizidi kwenda chini. Aliongeza winchi ya kuvutia ndoo aliyoitengeneza kwa gurudumu la gari la kuchezea. Kila mara alikishusha kile kipande cha njano hadi chini. Nikimfikiria baba leo, ni vigumu kuukumbuka uso wake wote. Ninakumbuka vidole vyake, kucha zilizopasuka, na jinsi alivyoshika plastiki ile taratibu kana kwamba ni yai.

Mwaka ule mvua za vuli ziliwahi. Zilinyesha mfululizo, kwa nguvu, barabara ikawa tope na mama akauza makoti mengi kuliko kawaida. Mchana mmoja nilikuwa naye kibandani alipofika mwanamume mmoja kwa baiskeli, mchimbaji mwenzake baba. Alivua kofia kabla hajasalimu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akamwambia mama kwamba udongo ulikuwa umelowa, kwamba duara limeporomoka asubuhi Baba Kabula akiwa ndani na wenzake, na kwamba watu wanafukua. Kabula ni mimi. Mama alimfungua mdogo wangu mgongoni akampa jirani, akajifunga kanga kiunoni, akapanda nyuma ya ile baiskeli. Hakufunga kibanda. Mimi ndiye niliyekusanya mashati nikayaingiza ndani, nikayakunja moja moja, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya.

Alirudi siku kadhaa baadaye, miguu imevimba, akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Walifukua, lakini kila walipofukua kuta zilizidi kuanguka, na zilikuwa karibu kuchukua wengine. Wakaafikiana waache. Katekista alikuja akasali pale juu, watu wakaweka msalaba wa mti, na udongo ukaachwa ulivyo. Hakukuwa na jeneza wala kaburi la kusindikiza. Matanga yalikaliwa kwetu, uani, na majirani wakajaza mikeka. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na nadhani watu wale walikuwa wakiningoja mimi, mtoto wake mkubwa. Wanawake walinikumbatia na kunitazama usoni. Mimi sikulia. Haikuwa ushujaa, kwa maana hapakuwa na kitu nilichokuwa nakizuia. Nilisikia yote yaliyosemwa, lakini kwa mbali, kama unavyosikia redio ya jirani. Shangazi, dada yake baba, alisema nimeganda, akaninywesha maji ya sukari. Ninayoyakumbuka vizuri ni moshi wa kuni mbichi, maharage yaliyoungua chini ya sufuria, na nguzo ya kibaraza niliyoiegemea, jinsi ilivyokuwa laini mahali ambapo migongo ya watu ilikuwa imeisugua.

Watu walipotawanyika na nyumba ikabaki na sisi watatu, nililishusha duara kutoka juu ya sanduku nikaliweka mkekani. Nilitaka kukitoa kile kipande cha njano. Nikatia vidole upande ule ulio wazi nikaanza kuvuta kutoka chini, ukuta ukatikisika. Mama alikuwa mlangoni akinitazama. Nilidhani atanikemea, au atalichukua akalitupe, kwani tangu mwanzo hakulipenda. Alikuja akaketi mbele yangu.

"Usivute hapo chini, utaliangusha," alisema. "Anza juu."

Tukaanza juu. Mimi nilitoa kipande, yeye akakipokea na kukiweka kwenye ungo, kipande baada ya kipande. Tulipofika kwenye matimba meupe, mama aliyatoa mwenyewe, mojamoja, akishikilia ukuta kwa mkono mwingine. Mwisho kikabaki kile cha njano peke yake mkekani. Akakiokota, akakifuta kwa kanga, akakifunga kwenye pindo alilofungia chenji zake, akainuka kwenda kumnyonyesha mdogo wangu. Hatukulizungumza jambo hilo siku ile wala siku nyingine. Mwaka uliofuata tulihamia Shinyanga kwa mama mdogo. Vitofali vikaingia mikononi mwa watoto wa nyumba ile, vikapungua, vikapotelea vichakani na kwenye mifereji, mpaka siku moja nikatambua kwamba sijaviona kwa muda mrefu na wala sijavitafuta.

Sasa mimi ni mtu mzima na nachora ramani za viwanja hapa Shinyanga mjini. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta na kunyoosha mistari. Siku moja, nikitafuta mtandaoni programu nyingine ya kuchorea, nikakutana na moja ya kujengea vitofali kwenye kioo. Unachagua kipande, rangi na ukubwa, unakiburuta mpaka mahali pake, kinakaa. Hakina mlio wala harufu. Kuna watu wazima dunia nzima wanaofanya hivyo kila siku, wanawekeana kazi zao mtandaoni, na mwenye vitofali vya kweli anaweza kuchukua mchoro wako akaujenga mezani kwake. Nilianza taratibu. Nilijenga kanisa la zamani la misheni ya Ushirombo na minara yake, kisha kibanda cha mitumba, bodaboda iliyobeba vitanda, ng'ombe kwenye lambo. Nikaviweka, watu wakavisifu, nami nikafurahi kiasi, kama mtu aliyeambiwa chakula kina chumvi ya kutosha.

Jumapili moja mchana nikajenga duara. Sikuwa nimepanga. Nilianza na ukuta mwekundu nikaona unaelekea wapi, nikauacha upande mmoja wazi. Nililifanya refu kuliko lilivyowahi kuwa kwenye mkeka, nikaweka winchi na ndoo, nikalipa jina la "Duara" nikaliweka mtandaoni. Sikuweka mtu ndani. Baada ya wiki chache akaniandikia mzee mmoja wa nchi ya baridi, dereva wa treni aliyestaafu. Kwa maneno ya upole alisema amelijenga na mjukuu wake, lakini ukuta wa kushoto haukai. Kila wakifika katikati unaanguka. Aliuliza kama ni kisima. Nikarudi kuutazama mchoro. Ni kweli. Programu ile haijui uzito. Ukiacha kipande hewani, kinabaki hewani. Nilikuwa nimesahau matimba upande ule, na viungo nilivipanga kimoja juu ya kingine. Nikatengua kuanzia juu, nikapanga upya kila kipande kilalie viwili, nikakingamisha vipande vyeupe. Nikamjibu kwamba si kisima, ni machimbo ya dhahabu. Kesho yake akatuma picha: duara limesimama juu ya meza, kando ya bakuli la sukari. Niliitazama kwa muda nikingoja kusikia kitu moyoni. Kisha nikaenda kuanua nguo.

Mama yuko kwangu tangu Pasaka, magoti yakimsumbua. Nilimwonyesha ile picha kwa sababu aliniuliza kila siku nakodolea macho nini kwenye mashine. Alivaa miwani, akasogea karibu. Aliikagua mpaka nikataka kuifunga. Nikamweleza habari za yule mzee na ukuta ulioanguka. Akauliza kama sasa linasimama, nikamwambia linasimama. Akauliza nimeliitaje.

"Duara tu," nilisema.

"Weka jina la mwenyewe."

Nikaandika "Duara la Baba Kabula" nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Huko hakuna anayemjua Kabula. Andika Luhende Masanja."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mume wake. Alipokuwa hai alimwita Baba Kabula, na baadaye alisema tu marehemu. Nikaandika herufi kwa herufi. Akaomba nimsomee tena, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, akavua miwani. Nilidhani labda tutalia, mmoja wetu aanze na mwingine afuate. Hatukulia. Aliuliza kama mchele umekwisha kuchambuliwa.

Runzewe ya leo ina lami na taa, na malori ya masafa marefu hayasimami tena kununua mashati. Kilipokuwa kibanda chetu pana duka la simu. Kule porini miti imeota, na sidhani kama ningeweza kukuonyesha mahali penyewe. Kiangazi kile kila mtu mnadani alimjua baba kwa jina na kwa kengele ya baiskeli yake, lakini duara lake hakuna aliyelijua kwa ndani isipokuwa yeye na waliokuwa naye. Sasa imekuwa kinyume chake: watu nisiowajua wanalijua duara, gogo kwa gogo, na yeye hawamjui. Yule mzee alipoona jina limebadilika aliniandikia kuuliza Luhende Masanja ni nani. Nilikaa na swali lake mchana kutwa, kisha nikamwandikia kwamba ndiye aliyelijenga la kwanza.