Dakika Saba za Ami Bouziane

Ni nani aliyekwambia jua limezama? Wewe mwenyewe hukuliangalia. Katika mji wetu, kwenye nyanda za juu za magharibi ya Algeria, kwa miaka thelathini na moja aliyetuambia alikuwa Bouziane Khelladi, mtangazaji wa redio ya mji.

Aliingia redioni akiwa kijana, akisoma matangazo ya kondoo waliopotea. Baadaye wakampa vifo, kisha matokeo ya mitihani, kisha habari. Kufaulu kwangu nilikusikia kwa sauti yake. Kifo cha baba yangu pia.

Kazi aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya Ramadhani: kurusha adhana ya magharibi. Hakuiamini saa. Kila jioni alimpigia simu Si Laredj (“Si” kwetu ni kama kusema “Bwana”), mwadhini wa msikiti mkongwe, aliyesimama juu ya paa akilitazama jua. Mzee akisema limezama, ndipo Bouziane aliporusha adhana, na mji mzima ukatia tende mdomoni.

Mwaka wa thelathini na moja mkurugenzi mpya, Nadjib, alileta kompyuta ya kurusha adhana yenyewe. Bouziane alimwuliza imewekewa jua la wapi. Nadjib akacheka, akamwita mzee wa kondoo, akapiga marufuku ile simu ya jioni. Mimi, fundi mitambo mwenye shahada na maneno mengi ya haki, nilikuwa nimekaa palepale. Nilinyamaza.

Kompyuta ilianza kazi siku ya kumi na mbili ya mfungo. Adhana ilipoanza, Bouziane alikuwa anatazama dirishani. Ukuta wa ng'ambo ya barabara ulikuwa bado unawaka jua.

"Zima," akaniambia. "Zima, mwanangu."

Nilizima, lakini mji ulikuwa umekwisha kula. Kompyuta ilifuata jua la mji mkuu, ambalo huzama dakika saba kabla ya letu.

Simu zikalia mfululizo. Mwanamke mmoja alilia kwamba amewafuturisha watu kumi na wanne huku jua likimtazama. Mwingine akauliza kama redio siku hizi imejinunulia jua lake. Nadjib akaingia na karatasi ya kusomwa hewani. Ilisema kwamba mwadhini wa msikiti mkongwe alitupa wakati usio sahihi.

Sikuamini macho yangu.

"Si Laredj hakupigiwa simu," Bouziane akasema.

"Ana miaka themanini, Ami. Watamsamehe. Wewe umebakiza miezi minne upate pensheni yako. Soma."

Taa nyekundu ikawaka. Bouziane akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mezani chini ya miwani yake.

"Wasikilizaji wangu, adhana mliyoisikia ilikuwa ya jua la mji mkuu. Si Laredj hakuulizwa. Mkurugenzi alikataza aulizwe, nami nikakubali. Siku hii mtailipa baada ya Idi, na mimi nitailipa pamoja nanyi."

Nadjib hakupaza sauti. Alimwuliza tu kama amemaliza, akatoka. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba ukweli ukishapita hewani, hakuna awezaye kuuadhibu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Bouziane nje ya geti. Mekki, mlinzi aliyefuturu naye miaka kumi na mitano, alikuwa amesimama mbele yake na orodha mkononi.

"Jina lako halimo, Ami Bouziane," alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Nisamehe."

Kwenye dirisha la kibanda cha Mekki kulikuwa na redio ndogo. Saa moja kamili ikatoka sauti ya Bouziane, ile iliyorekodiwa zamani ya kufungulia matangazo ya siku: "Asubuhi njema. Hapa ni nyumbani kwenu."

Bouziane aliisikiliza mpaka mwisho. Mekki akapunguza sauti ya redio, kisha akafunga geti.