Siku Niliponadiwa Kanisani Makambako

Jamani, acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni imetiwa chumvi. Mimi ni dalali wa parachichi hapa Makambako, kila kreti nalihesabu mara mbili, na mwaka huu nilipata kidonda ubavuni mwa ulimi, kikagoma kupona. Hospitali nikaiogopa (ningeambiwa saratani, ningebishana na nani?). Basi Neema, binti wa kaka yangu anayesomea maabara, akatueleza mezani kwamba seli za saratani ya kinywa zina vimeng'enya vya kuzitengenezea mafuta, na watafiti wakivizuia, seli zinapunguza kasi ya kukua. Mimi nikashika neno moja tu, mafuta, nikaona hapa pana nafuu: naacha mafuta, kidonda kinakufa kwa njaa, hospitali siendi.

Jumapili ya mavuno ikafika, na baada ya ibada mnada, na mnadishaji nani kama si mimi. Nikainua kikapu cha parachichi, Mama Upendo wa kwaya akapaza sauti, "Dalali, onja kwanza, tusije tukauziwa mabichi!"

"Sionji. Mafuta yanalisha saratani ya kinywa," nikajibu, tena kwenye kipaza sauti.

Kikapu kikakosa mteja, karanga zikakosa, likaja dumu la alizeti ambalo kila mwaka watu hugombania, wakaliangalia kama nyoka, na mchungaji aliyetegemea mnada ule kupata mabati ya kanisa akaanza kujifuta jasho na baridi yote ile.

Neema akasimama. "Baba mdogo, samahani. Seli hizo zinajipikia mafuta zenyewe humo ndani, ukiacha parachichi hujazima jiko lao. Na dawa ya kulizima bado inajaribiwa. Kwani una nini mdomoni?"

Nikafumba mdomo. Kanisa zima likajua.

"Toa ulimi!" Mama Upendo akaamuru, na mimi na mvi zangu nikautoa mbele ya madhabahu.

Mchungaji akaninyang'anya kipaza sauti. "Haya, huyu naye namnadi! Nani anampeleka hospitali Njombe kesho?"

Watu wakapandishiana bei kwa vicheko, alizeti nayo ikapata mnunuzi, ila mimi nilipoona naishia chini ya bei ya jogoo nikajisahau nikaanza kujipandisha mwenyewe. Mama Upendo akanichukua.

Kumbe jino lililovunjika ndilo lilikuwa linaukwaruza ulimi. Daktari akalisawazisha, akakata kinyama kidogo cha kupima, majibu yakaja salama.

Nitaendelea kuvutana bei na kila mtu, ila na kidonda cha mdomoni kisichopona sivutani tena. Naenda kukionyesha mapema, peke yangu, kimyakimya, maana Mama Upendo alinipeleka na kwaya nzima, wakaniimbia mpaka mapokezi.