Chupa Tisa za Maji ya Bwawa

Siku nilipomwambia bosi wangu anywe maji ya bwawa lake mwenyewe mbele ya wageni, chumba kizima kiligeuka kunitazama.

Na mimi nilikuwa nacheka moyoni. Usinihukumu bado.

Huyo meneja tulimwita Shwari. Kila ripoti aliandika hivyo hivyo: hali shwari. Bwawa lina umri mkubwa kuliko baba yangu, ukuta wake wa udongo umechoka, yeye shwari tu.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa akipima maji yanayovuja chini ya ukuta. Kuvuja kidogo ni kawaida, mradi maji yawe safi. Yakitoka na tope, ujue ukuta unaliwa kutoka ndani.

Kaka akaandika: tope. Shwari akamfukuza kazi mbele ya watu, akamwita mzushi.

Kazi akanipa mimi. Hakujua kwamba yule ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nikasema moyoni, wewe baba, utanikoma.

Kila Jumatatu nilikinga chupa moja, nikabandika tarehe, nikaificha kabatini. Kwenye daftari niliandika anachotaka yeye. Chupa ya kwanza, tope lilituama unene wa ukucha. Ya tisa, vidole viwili.

Nilikuwa nawasubiri wakaguzi.

Wakaja. Shwari katinga tai mpya, anahutubia. Nikazipanga chupa zangu mezani, ile ya tisa nikaitikisa, nikammiminia glasi.

"Kunywa, bosi. Si shwari?"

Jasho lilimtoka hadi kola ikalowa. Raha niliyoisikia, sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

Mkaguzi mkuu, mama mmoja mpole, akainua chupa ya kwanza, akasoma tarehe.

"Mwanangu, hii ni ya miezi miwili iliyopita?"

"Ndiyo, mama." Kifua mbele.

"Na huko chini ya bwawa kuna watu?"

Nikaitazama ile chupa ya kwanza mkononi mwake.

Nyumba ya kwanza chini ya ule ukuta ni ya mama yangu. Kaka alihamia hapo na wanawe baada ya kufukuzwa.

Siku hiyo hiyo maji yalianza kupunguzwa na watu wakahamishwa. Shwari na mimi tulipewa barua za kufukuzwa zinazofanana neno kwa neno.

Kaka hanisemeshi hadi leo. Nilidhani namlipia kisasi, kumbe nilikuwa nacheza na roho za wanawe.

Wewe unayeficha ushahidi ukingoja siku ya kumuumbua mtu, kwanza angalia ni nani anayelala chini ya ukuta huo.