Niliandikia watu barua za kila aina, ya kufunga duka langu sikuandika: jinsi dada Spesioza alivyonivusha

Wakuu, habari za mchana. Niko Biharamulo, mvua inapiga bati na mteja hakuna, kwa hiyo nitasimulia jambo hili lilivyokuwa. Anayeng'aa humu si mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na fremu pale Rusumo, kwenye barabara ya malori. Nilichapa, nilitoa kopi, na zaidi ya yote niliandika barua. Dereva kapoteza karatasi za mzigo, naandika. Mama anamwombea mtoto uhamisho wa shule, naandika.

Bango langu lilisema: BARUA ZA KILA AINA.

TIN, namba ya mlipakodi, nilikuwa nayo. Mwaka wa kwanza nililipa kodi vizuri. Wa pili nikaanza kuzungusha, leo kesho, bila kulipa.

Kisha baba akaugua huko Mabawe. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nikauza mashine, nikarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, nikaenda kumuuguza na kuandika riwaya yangu katikati ya migomba. Kwa akili yangu, ukifunga mlango biashara imekufa.

Kumbe kwenye mfumo wa kodi ilikuwa hai. Inakua.

Baba alipopata nafuu nikaoa, mke wangu mwalimu akapangiwa kazi huku Biharamulo. Tukaota duka la vitabu. Akiba yake yote ikaingia kwenye pango. Naenda kuomba leseni, naambiwa nilete tax clearance, hati ya kutodaiwa kodi. Faili langu liko Ngara, wilaya ya duka la zamani.

Afisa wa kodi aliyenipokea Ngara alikuwa binti mpole.

"Kaka, mfumo unaonyesha bado unafanya biashara Rusumo."

"Nilifunga miaka mitatu iliyopita."

"Ulituandikia barua?"

Wakuu, nilitazama viatu vyangu.

Makadirio ya miaka mitatu, na riba, na faini. Yangemeza pango na duka lenyewe. Akasema nilete ushahidi wa lini nilitoka na nani aliingia baada yangu.

Aliyeingia ni dada Spesioza, mpishi. Wazee wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima hapa, wakazikwa hapa. Nilimkuta jikoni. Bango langu lilikuwa palepale, ila kaligeuza: maandishi yangu yanatazama ukuta, yake yanatazama barabara. UGALI, WALI, MAHARAGE, SAMAKI.

"Shikamoo dada."

"Marahaba karani. Umekuja kula au kuandika?"

Nikamweleza. Akafuta mikono, akaleta mkataba wake wa pango, una muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Mwezi wa tatu, mwaka ule ule niliotoka. Nikafurahi kama mtoto.

Yeye hakufurahi. Akaweka kando yake cheti chake cha TIN, ndipo nikaelewa. Alianza kupika mwezi wa tatu, lakini TIN alichukua mwezi wa kumi. Kuonyesha karatasi ile ni kwenda mwenyewe kusema: miezi saba nilifanya biashara bila kujiandikisha.

"Dada, basi tuseme ulianza mwezi wa kumi. Hiyo miezi nitaibeba mimi."

Akacheka mpaka kifuniko kikamtoka mkononi.

"Yebaba we! Na moshi wangu uliowaliza madereva tangu mwezi wa tatu tutauficha wapi? Kutunga ni kazi yako, karani. Mimi napika."

Kesho yake alizima jiko, akavaa kitenge cha kanisani, akabeba mkataba na bango.

"Bango la nini, dada?"

"Lina pande mbili. Wataona ulipoishia na nilipoanzia."

Ofisini alilisimamisha juu ya kiti.

"Mwanangu, huyu alitoka mwezi wa pili. Mimi niliingia wa tatu. TIN nikachukua wa kumi. Miezi ya katikati ni yangu, andika."

Yule binti akaweka kalamu chini. "Mama, hilo hakuna aliyekuuliza."

"Ningengoja kuulizwa ningekuwa kama karani hapa."

Foleni nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, macho yamejaa machozi.

Ilichukua wiki kadhaa. Makadirio ya miaka niliyokuwa Mabawe yakafutwa. Ikabaki ile kodi niliyoizungusha kabla ya kufunga, na faini yake. Hiyo ilikuwa yangu kweli, nikaruhusiwa kulipa kwa awamu. Dada Spesioza naye akaandikiwa miezi yake. Nilipotaka kumlipia alikunja uso.

"Ukinilipia, nitakuwa nimesema ukweli kwa pesa yako."

Nimehangaika miaka kumtafuta shujaa wa riwaya yangu, nikimvisha ujasiri wa kila namna. Kumbe alikuwa nyuma ya bango langu, anakoroga maharage.

Duka lilifunguliwa, ndimo nilimo sasa. Somo ni dogo: ukifunga biashara, andika barua, gongesha muhuri nakala yako, itunze kama cheti cha ndoa.

Juzi dada Spesioza kanipigia. Anahamishia jiko Kabanga.

"Karani, niandikie ile barua kabla sijazima moto."

Nimeimaliza asubuhi hii. Mistari minne. Katika barua zote nilizowahi kuandika, hii ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi kabla ya kuifunga.

Wakuu, nani mwingine kafunga mlango akadhani kafunga biashara? Na nani kawahi kubebwa na mtu asiyemdai chochote? Semeni, mvua bado inanyesha.